Kibuyu Kilichoamsha Jenereta

Marahaba, wajukuu zangu. Najua hamjanisalimia bado, ila nimetangulia kuitikia, maana nikisubiri vijana wa siku hizi mnyanyue macho kwenye simu nitazeeka mara ya pili.

Mimi naitwa Bi Zaituni. Kwetu Kondoa, milimani kule, Mrangi wa kuzaliwa, ila Dodoma nimekaa mpaka nimekuwa wa hapa. Nyumba yangu iko Kikuyu, na kama unapita na una njaa, ingia tu. Shule niliishia pale wanapofundisha kuandika jina, na jina lenyewe likanishinda kwenye hiyo Z. Haya mnayosoma anaandika mjukuu wangu. Mimi nasema, yeye anabonyeza. Nimemkataza kunitengenezea maneno. Namjua, nikimwachia ataniwekea "kwa mantiki hiyo", na mimi mantiki sijawahi kukutana nayo hata njiani.

Kazi yangu ilikuwa kuuza mafuta sheli. Sikukaa ofisini, nilisimama kwenye pampu, jua la Dodoma utosini na vumbi la Dodoma puani. Marehemu mume wangu alikuwa akitaka kuwasha kibatari ananiambia, "Zaituni, sogea kwanza, usije ukalipuka." Nilianza kazi nikiwa binti mwenye kiuno, nikaacha nikiwa hivi nilivyo, na kiuno sijui kilibaki kwenye pampu ipi.

Sasa juzi nilikuwa nachambua mlenda, redio inaongea. Nikasikia watu wanabishana, eti iwe lazima kila sheli iwe na umeme wake wa akiba, siku ya dharura mafuta yapatikane. Mmoja anasema ni gharama, mwingine anasema ni lazima, wanakatana maneno kama wanagombea kuku. Nikaacha mlenda. Nikamwambia mjukuu, lete hiyo simu, andika. Hilo jambo mimi nalijua kwa pua. Na nyie mnaoanza kazi sheli, mabinti na vijana, ndio nataka mnisikilize, hao wa redioni watanikuta mbele.

Nianze na mpini.

Nilipoanza kazi pampu zilikuwa na mpini. Umeme ukikatika, unachukua chuma chako kilichopinda, unakichomeka ubavuni mwa pampu, unazungusha. Mafuta yanapanda. Unazungusha, yanapanda. Mikono inauma, lakini gari linaondoka. Aliyenifundisha ni mzee mmoja wa pale, Mzee Yona, Mgogo mrefu mkimya, akicheka anacheka kwa mabega tu, sauti hatoi. Alinifundisha kuzungusha kwa wimbo. Anasema ukizungusha bila wimbo utachoka, ukizungusha kwa wimbo mteja ndiye atachoka kukusikiliza. Nikawa naimba nyimbo za kwetu za kupukuchua mahindi. Madereva wa malori walikuwa wanafurahi umeme ukikatika! Wengine wanashuka kabisa, wananipokea mpini, wanazungusha wenyewe ili niimbe vizuri.

Mzee Yona ndiye alinifundisha na dipu. Dipu ni fimbo ndefu ya mti, ina mistari kama rula. Mafuta ya sheli yako chini ya ardhi kwenye tanki kubwa, hamyaoni. Kila asubuhi unafungua mfuniko, unashusha fimbo mpaka igonge chini, unaipandisha, unatazama imelowa mpaka wapi. Basi umejua tumbo lina nini. Aliniambia, "Binti, sheli ni kama mama mjamzito. Usimtazame uso, uliza tumbo." Hilo neno nililicheka. Miaka ikapita, ndio likaja kunicheka mimi na wenzangu wote. Nitawafikisha.

Basi zikaja pampu mpya. Jamani! Zinang'aa, namba zinakimbia kama mende. Fundi amemaliza kufunga, anajisifu, mimi naizunguka ile pampu. Nazunguka mbele, nazunguka nyuma, naipapasa ubavu kama ng'ombe wa mahari.

Fundi akaniuliza, "Mama, unatafuta nini?"

"Natafuta pa kuchomeka mpini."

"Hii haina mpini, mama. Hii ni ya kisasa."

"Na umeme ukikatika?"

Akacheka. "Utarudi."

Mzee Yona alikuwa amekaa kwenye tairi, anakaribia kustaafu wakati huo. Akasema taratibu, "Mashine isiyo na mpini inataka rafiki." Bosi wetu, Mzee Lyimo, alikuwa mtu wa kusikia. Hakupita muda akanunua huyo rafiki. Jenereta, kubwa, la rangi ya kijani, akalijengea kibanda chake nyuma na paa la bati. Tulilipokea kwa vigelegele. Mimi nilipiga.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana hili kosa hawezi kulifanya mtu mwingine duniani isipokuwa wauza mafuta.

Bosi aliagiza jenereta liwashwe kila Ijumaa, lisilale likashika kutu. Na sisi tulikuwa watiifu! Kila Ijumaa, kabla sijaenda msikitini, mmoja wetu analiwasha, linanguruma, tunasikiliza, tunasema "zima", tunafurahi. Jenereta zima, afya tele. Ijumaa hii huyu, Ijumaa ijayo yule. Na kila likinguruma linakunywa kidogo. Kidogo tu, kama mgeni mwenye haya. Nani alikuwa anajaza? Wajukuu zangu, hakuna! Kila mtu anajua mafuta yapo. Tunakosaje mafuta, sisi? Tunayakanyaga! Tanki zima la dizeli liko chini ya miguu yetu. Na dumu la akiba hatukuwa nalo, maana bosi alikataza madumu ya mafuta kuzagaa kituoni, na hapo alikuwa sawa kabisa, moto hauna shemeji.

Kwa hiyo tulilipima jenereta letu mpaka tukalimaliza. Tulimtazama uso kila wiki, tumbo hatukuuliza.

Ikaja mvua ya kwanza ya mwaka. Nyie wa Dodoma mnaijua, haiji peke yake, inatanguliza upepo. Sheli yetu iko njia ya kwenda Mvumi, peupe, hakuna cha kuuzuia upepo isipokuwa sisi wenyewe. Ulivuma jioni, ukang'oa mabati, ukalaza nguzo za umeme kando ya barabara, zimelala moja baada ya nyingine kama watu wamechoka safari. Asubuhi umeme hakuna, na korongo la upande wa mjini limejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, gari halipiti. Upande wa pili barabara imekatika kabisa. Malori hakuna. Bosi yuko mjini, ng'ambo ya korongo. Sisi tuko katikati kama kisiwa.

Watu wakaja sheli. Wenye mashine za kusaga na madumu yao, na bodaboda, bodaboda wengi! Mnawajua bodaboda, wananunua mafuta ya kunusa. Anaweka ya safari moja, akipata abiria ndio anaweka mengine. Kwa hiyo umeme ukilala, na wao wamelala. Walikuja wengi wao wanasukuma.

Zamu ile tulikuwa wawili, mimi na Neema. Neema alikuwa binti mdogo aliyetoka chuo cha ufundi, amesomea umeme, kazi ya umeme hajapata, akasema atashika pampu kwanza asikae bure. Mwembamba, mdomo kama cherehani. Nilimpenda tangu siku ya kwanza, maana alinikosoa na bado akaniamkia.

Nikawaambia wateja, "Msihofu! Sisi tuna rafiki!" Kwa maringo kabisa, nimeshika kiuno. Neema akaenda kibandani, akawasha. Jenereta likasema ngrr, ngrr, likakohoa, likanyamaza. Akawasha tena. Likakohoa kama mzee aliyeamshwa usingizini, likazima moja kwa moja. Akafungua mfuniko wa tanki lake, akachungulia. Akanitazama.

"Bibi, humu kuna buibui."

"Buibui?"

"Mafuta hakuna. Kuna buibui na harufu."

Nikaenda nikachungulia mwenyewe. Kweli. Tumbo tupu. Bodaboda mmoja alitufuata nyuma, akaona, akarudi kwa wenzake anapiga kelele, "Oyaa! Sheli imeishiwa mafuta ya kuwashia sheli!" Walicheka hao! Mwingine akasema, "Samaki anakufa kiu!" Na mimi nilicheka, nifanyeje? Kilikuwa kichekesho kweli.

Kicheko kikakatika alipofika nesi.

Alikuja juu ya bodaboda, na bodaboda yenyewe iliishiwa mafuta kabla haijafika, wakamalizia kwa kusukuma, nesi yuko na sare yake nyeupe imejaa tope mpaka magotini na dumu tupu mkononi. Alikuwa nesi wa kituo cha afya, kijijini huko nyuma ya kilima. Tulikuwa tunamwita Nesi Anjela.

"Shikamoo Bi Zaituni. Naomba dizeli haraka, jenereta letu linakaribia kuzima."

"Marahaba mwanangu. Umeme hamna, na letu halijawaka."

Akasimama. Akasema kwa sauti ya chini, "Nina mtoto njiti kwenye mashine ya oksijeni. Amezaliwa juzi. Jenereta likizima, mashine inazima."

Basi. Hakuna aliyecheka tena. Hata yule wa samaki alivua kofia.

Na baada yake, kwa miguu kutoka upande mwingine, akatokea Mzee Sajilo. Huyu ni mfugaji, mtani wangu wa siku nyingi. Nikikutana naye huwa ananiuliza kama Warangi tumeshajifunza kukamua, namwambia tunasubiri Wagogo mmalize kuhesabu ng'ombe kwanza. Siku hiyo hakunitania. Yule mtoto njiti alikuwa mjukuu wake, wa binti yake wa mwisho. Alikuwa anampelekea binti maziwa, ameyabeba kwenye kibuyu begani, amekuja kutafuta bodaboda ya kumvusha kilima.

"Mbukwenyi," akasalimia, kama kawaida ya Wagogo. Halafu akatuangalia, akaona nyuso zetu. "Kuna nini?"

Nesi Anjela akamweleza. Mzee akakaa chini pale pale kwenye saruji, kibuyu amekipakata.

Sasa nyie mtasema, si mngefyonza dizeli kwenye gari? Gari lipi? Barabara imekatika pande zote, palikuwa na pikipiki na baiskeli, na pikipiki haili dizeli. Mngeazima huko kijijini? Waliokuwa nayo ndio hao wamesimama mbele yangu na madumu matupu. Mafuta yapo chini. Sisi tupo juu. Na katikati kuna pampu ya kisasa inang'aa.

Nilikuwa namtazama Mzee Sajilo, sio kwa akili, ni kwa huruma. Macho yakaangukia kile kibuyu. Kibuyu cha maziwa kirefu, chembamba kama mkono wa mwanamke, kimepakwa mafuta mpaka kinang'aa. Na mimi nikakumbuka kiangazi. Nyie mmeona watu wanavyochota maji kwenye mto mkavu, mchangani? Unachimba shimo jembamba, ndoo haiingii, unachota kwa kibuyu. Kidogo kidogo mpaka dumu linajaa. Mama zetu wamelea watoto hivyo.

Nikasema, "Mzee Sajilo, naomba hicho kibuyu."

"Kina maziwa."

"Naona. Nakiomba kitupu."

"Cha nini?"

"Cha kuchotea mafuta."

Akanitazama kama nimerukwa. "Bi Zaituni, hiki kibuyu mama yangu ndiye alikitengeneza. Kikiingia mafuta hakirudi kwenye maziwa."

"Najua."

Akafikiri. Sio sana. Akaenda kwa mama ntilie wetu wa pembeni, akamwambia lete sufuria. Akamimina maziwa yote, kwa uangalifu, hakumwaga hata tone, akamwambia, "Mpe nesi anywe kwanza, ametembea." Akanipa kibuyu.

Lakini sheria ni sheria, nikampigia bosi kwanza. Nilienda mbali kabisa, barabarani, maana simu na mfuniko wa tanki uliofunguliwa havikai nyumba moja.

"Bosi, naomba ruhusa nichote dizeli kwa kibuyu."

"Umesema kwa kitu gani?"

"Kibuyu, bosi. Cha maziwa."

"Bi Zaituni, uko salama?"

Nikamweleza mtoto. Akasema, "Dizeli tu. Petroli usiguse. Ondoa watu wote, na vizimamoto mikononi. Neema yupo? Haya. Fanyeni, na mnipigie."

Hapo na mimi nawaambia nyie, kabla hamjaenda kujisifu kwa wenzenu. Msiige hili! Petroli inatoa moshi usioonekana, unatembea chini kama nyoka, unatafuta cheche. Ukifanya kwa petroli haya niliyofanya, mimi nitakuja kwenye matanga yako na nitakula ubwabwa wako huku nakusema. Hata dizeli, tulifanya kwa sababu njia nyingine haikuwepo, mchana kweupe, pikipiki zimesukumwa mpaka ng'ambo ya barabara, bodaboda wawili wameshika vizimamoto kama maharusi wameshika mishumaa.

Nikafunga kibuyu kamba, nikakishusha kwenye mdomo wa tanki la dizeli. Kikaingia vizuri, kama kimepimwa. Kikafika kwenye mafuta, kikaelea! Nakivuta, kitupu. Nakishusha, kinaelea kama bata. Kwenye maji ya mchangani kingezama kwa kukilaza, hapa mkono haufiki. Bodaboda ng'ambo wanauliza, "Bibi, vipi?" Nawaambia nyamazeni.

Neema akasema, "Bibi, kamba haisukumi. Fimbo inasukuma."

Akaenda akaleta dipu! Ile fimbo ya kupimia, ya mti, ndefu. Tukafunga kibuyu kwenye ncha yake, tukafunga kweli kweli, nikavua mtandio wangu nikaongezea. Tukashusha. Tukakisukuma chini, tukasikia glu, glu, glu. Wajukuu zangu, nimesikia adhana nzuri, nimesikia watoto wangu wakilia mara ya kwanza, lakini ile glu glu naiweka hapo hapo karibu. Tukapandisha. Kibuyu kimejaa dizeli, kinatiririka ubavuni.

Nesi Anjela akakimbia na dumu lake. "Weka humu! Weka humu!"

Neema akasema, "Tuweke kwenye jenereta letu."

"Mtoto anasubiri, wewe!"

"Dada, nikikupa hili dumu, utaondoka na nini? Pikipiki zote hazina petroli, na kwa miguu au baiskeli kwenye tope hili hufiki kwa wakati. Na petroli hatuchoti kwa kibuyu."

Nesi akatazama kile kilima. Kisha akamtazama Mzee Sajilo, maana mtoto alikuwa wa damu yake. Sote tukamtazama yeye.

Mzee akasema, "Ng'ombe mwenye kiu humpi maji kwa kiganja. Fungua lambo." Akatikisa kichwa kuelekea kibandani. "Jenereta kwanza."

Tukachota. Kibuyu kinaenda kibandani, kinarudi, kinaenda, kinarudi. Neema akasema inatosha. Akawasha, na jenereta likakohoa tena, likanyamaza! Nikaanza kusema limekufa. Neema alikuwa ameshachukua spana. Akaniambia injini ya dizeli ikikauka inameza hewa, na hewa ikikaa kwenye mrija mafuta hayapiti, ni kama mtoto aliyenyonya bila kucheulishwa. Akalegeza nati moja, akapampu kwa kidole gumba, povu likatoka, likatoka, mpaka yakaja mafuta safi yasiyo na povu. Akakaza nati. Akanitazama, uso mweusi wa masizi.

"Bibi, sema bismillahi."

"We si Mlutheri?"

"Sema tu!"

Nikasema. Akawasha. Likanguruma!

Zile namba kwenye pampu zikafumbua macho. Bodaboda walipiga kelele mpaka punda wa mtu akakata kamba. Mimi nilipiga vigelegele, na Mzee Sajilo akaokota dumu la nesi, akalipeleka kwenye pampu mwenyewe. Dumu la nesi likajazwa, pikipiki ikajazwa tangi zima, na mwenye pikipiki akasema hiyo ndiyo mara ya kwanza anaona sindano yake ikilala upande ule. Nesi katikati, mzee nyuma, dumu limefungwa, wakapanda kilima. Ilipopita mchana, yule bodaboda akarudi. Hata hajazima pikipiki anapiga kelele, "Wamewahi! Mashine haikuzima!"

Wengine wote wakahudumiwa baada ya hapo, na tukawa na utaratibu wetu, hakuna aliyetuandikia. Wagonjwa mbele, pampu ya kisima cha kijiji inafuata, kisha mashine za kusaga, halafu anayekwenda mwenyewe kumtembelea mchumba, huyo asubiri. Na alisubiri! Yupo, anajijua, watoto wake sasa wanne.

Bosi alipovuka korongo alikuja moja kwa moja kibandani. Tulidhani atafoka. Akakishika kibuyu, akakinusa, akacheka mpaka akajifuta machozi. Halafu yeye, mimi na Neema tukakaa kwenye tairi la Mzee Yona, tukapanga jambo moja, na hili ndilo nataka mlibebe.

Tulipiga msumari ukutani, karibu na mdomo wa tanki la jenereta. Kibuyu kikining'inia pale, maana yake tumbo limejaa. Ijumaa ukitaka kujaribu jenereta, lazima kwanza ukitoe kibuyu, ukivae begani, utembee nacho kazini kila mtu akikuona, na hakuna kukirudisha mpaka umejaza ulicholinywesha. Ukisahau, utaulizwa na kila bodaboda, "Dada, umenenepa bega?" Mtu akienda kwao na kibuyu begani, kesho yake hasahau tena. Sio sheria kubwa. Lakini jenereta lile halijakauka tena.

Kwa hiyo nyie wa redioni, wekeni hiyo lazima yenu, mimi naunga mkono kwa mikono miwili na miguu. Ila msiseme tu "sheli iwe na jenereta". Sisi tulikuwa nalo! Semeni tumbo lake lijazwe, na semeni mtu anayejua kulicheulisha awepo kila zamu. Na kama ni haya mabamba ya umeme wa jua yanayokaa juu ya paa, sawa pia, Dodoma jua hatuombi kwa jirani. Lakini na yenyewe yana tumbo, betri zile. Ziulizeni.

Mzee Sajilo aliniambia namdai... hapana, yeye ndiye ananidai kibuyu. Nikapanda mbegu za vibuyu kwenye wigo wa sheli, vikatambaa mpaka juu ya bango la bei. Nikampelekea kirefu kabisa, nimekikausha mwenyewe. Akakigeuza geuza, akasema, "Kwa Mrangi, umejitahidi." Basi nikajua utani umerudi na mtoto ni mzima.

Ni msichana. Walimwita Sechelela, kwa Kigogo ndio kusema furahi.

Ijumaa iliyopita nilipitia pale sheli. Siku hizi Neema ndiye msimamizi, ana mabinti wawili chini yake, anawafokea kwa maneno yangu, nasikia kabisa hayo ni yangu. Sechelela alikuwa ametumwa na babu yake kununua dizeli ya mashine, ana sare ya shule, amekaa kivulini anakunywa soda kwa mrija, analaza chupa apate ya mwisho. Lori linajazwa. Watu wanaongea mpira.

Umeme ukakatika.

Mimi mazoea, nikavuta pumzi niseme bismillahi. Sijafika katikati, jenereta likanguruma lenyewe nyuma kule, maana Neema alishalifungia swichi ya kujiwasha. Namba kwenye pampu zikaendelea kukimbia. Dereva wa lori hakukata hadithi yake ya penalti. Mabinti hawakugeuka. Sechelela hata hakuinua kichwa, mrija uko mdomoni, anafyonza sauti ile ya chupa kwisha.

Nikasimama, nikaenda kibandani peke yangu kwa fimbo yangu taratibu. Kile kibuyu kilikuwa pale pale kwenye msumari, kinatetemeka kwa mngurumo, kinagonga ukuta, ko ko ko, kama mtu anabisha hodi. Nikakishika kidogo kitulie.

Halafu nikakiachia kiendelee.